Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria na wabunge wetu wa Kanda ya Ziwa: hizi haki hatukupewa na mtu

Waheshimiwa, shikamooni wakubwa zetu, na wengine habari za majukumu.

Naandika kutoka Mwanza. Nina kibanda cha steshenari sio mbali na mahakama, natoa fotokopi, naprinti, nachapa barua za watu, hiyo ndo kazi inayonilisha. Sheria sijaisomea ila ukikaa na makaratasi ya watu kutwa nzima unasoma tu hata kama hujataka, kuna hukumu zimepita kwenye mashine yangu nikazisoma kuliko wenye kesi. Nimeamua kuandika kwa sababu habari ya Katiba mpya imerudi tena midomoni mwenu, na kila mkiiongelea nasikia lugha ileile, eti serikali imeridhia, serikali imeona vyema, serikali itawapa wananchi fursa. Mnaongea kama mwenye duka anayekopesha sukari. Hapo ndo mimi na nyie tunapopishana.

Haki zilizomo kwenye Katiba tuliyonayo, kuanzia ibara ya 12 mpaka ya 24, ukizifuatilia moja moja nyuma yake utakuta ugomvi wa watu na kitu cha kushikika kabisa, mizani, ng'ombe, shamba la urithi, ndugu aliyefia mahabusu, na ugomvi mwingi wa aina hiyo umetokea hukuhuku kwetu. Mkikaa kuandika Katiba bila kujua watu waligombania nini mtatuandikia maneno matamu, tutayapigia makofi, alafu siku mtu anayahitaji anakuta hayashiki.

Tuanze na mizani. Miaka ya 1950 mwanzoni mkulima wa pamba Usukuma alikuwa anabeba mzigo wake mpaka kwa mnunuzi, unapimwa, anaambiwa uzito anaoujua mwenyewe mnunuzi, na mkulima anajua kabisa kwamba mzigo umeliwa ila atasema kwa nani? Watu wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, mtu wao anasimama pale anaangalia mshale wa mizani. Kitu kidogo hicho. Kutoka hapo vikaja vyama vya msingi, kijana Paul Bomani akiwa mmoja wa walioviunganisha, na mwaka 1955 tayari kuna muungano mkubwa wa ushirika wa Victoria ambao baadaye ulikuja kutajwa kati ya mikubwa ya Afrika nzima. Hakuna aliyewaambia wale wazee kwamba wana uhuru wa kukusanyika na kushirikiana, na neno ibara walikuwa hawalijui, walichojua ni kwamba mtu mmoja mmoja anapunjwa na wakiwa wengi hawapunjwi.

Wakati huohuo mkoloni anawaambia punguzeni ng'ombe, limeni matuta, lipieni kodi ya mifugo, na ukikataa unapelekwa kwenye baraza la mtemi unapigwa faini. Chama cha TANU kilichodai uhuru kimezaliwa Julai 1954, mwaka huohuo kikapigwa marufuku Usukuma, na marufuku ikakaa mpaka 1958. Mwaka huo wa 1958 ndo Geita wakawekewa baraza la mseto wa rangi zote bila kuulizwa kama wanalitaka, wakakataa, maelfu wakaondoka kwao wakaja mpaka Mwanza mjini kudai wasikilizwe na mkubwa wa jimbo, wakapiga kambi hapa, wakaishia kutawanywa kwa mabomu ya machozi. Leo tunapita Kigongo-Busisi juu ya daraja kwa dakika chache tu, wengi wetu hatujui kwamba kuna watu waliwahi kufunga safari kutoka ng'ambo ile kuja kudai wanachoita wasomi haki ya kushiriki shughuli za umma. Sijawahi kuona hata kibao cha kuwakumbuka. Labda kipo sehemu sijapita.

Sasa uhuru umekuja 1961, ungetegemea hawa watu waliomwagiwa moshi wa machozi ndo wa kwanza kuandikiwa haki zao. Wapi. Katiba ya uhuru ilikuja bila sehemu ya haki za raia zinazoweza kudaiwa mahakamani, na waliokataa ni viongozi wetu wenyewe, wakisema taifa changa linajengwa, mahakimu wengi bado ni wazungu, itakuwa serikali inataka kufanya jambo la maendeleo wao wanalizuia. Hoja ilikuwa na uzito wake kiukweli, siwezi kuibeza, Mwingereza alitutawala miaka yote bila kutupa haki hata moja alafu anaondoka ndo anakumbuka kwamba tunazihitaji. Ila angalieni kilichofuata. 1962 ikapita sheria ya kuweka mtu kizuizini bila kesi. 1965 ikaja katiba ya muda ya chama kimoja, na tume iliyoiandalia njia nayo ikasema sehemu ya haki haihitajiki, badala yake ikaundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya kupokea malalamiko ya wananchi. Kwa hiyo ukionewa unalalamika. Kulalamika na kudai ni vitu viwili, anayelalamika anasubiri huruma.

Mnaijua miaka ya sabini au niwakumbushe? Wazee wa vijiji vya Magu na Kwimba bado wanasimulia ule uhamisho wa vijijini wa 1974, watu wanatolewa kwenye miji yao na mashamba yao wanashushwa porini. 1976 serikali ikafuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na ushirika wetu wa Nyanza, mtoto wa ule wa Victoria, ukaondoka humohumo, mali za wakulima zikahamia kwenye mamlaka za mazao. Watu walioanza kwa kusimamia mshale wa mizani wakanyang'anywa mizani yenyewe na hapakuwa na mahakama ya kwenda kwa sababu hapakuwa na ibara ya kushika. Na mwaka huohuo 1976 ndo ile operesheni ya Mwanza na Shinyanga ya kusaka waliotuhumiwa kwa mauaji ya vikongwe, watu wakakamatwa wengi, wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa dola. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mungu amrehemu, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu 1977 japo si yeye aliyempiga mtu. Tunamsifia mpaka kesho na anastahili. Lakini jiulizeni waheshimiwa, mwaka huohuo wa 1977 ndo ilipopitishwa hii Katiba tunayotumia mpaka leo na ilipita bila sehemu ya haki. Yaani watu wamefia rumande, waziri amewajibika, na bado hakuna aliyeona hilo jambo linahitaji kuandikwa. Kujiuzulu ule ulikuwa uungwana wa mtu mmoja, na uungwana haurithishwi pamoja na ofisi.

Haki ziliingia 1984, marekebisho ya tano. Ziliingiaje? Mwaka 1983 chama tawala, CCM, kilileta mapendekezo ya kubadili Katiba, kikafungua mjadala, kumbe watu walikuwa na yao, Zanzibar wakawasha moto kuhusu Muungano mpaka Rais wa Zanzibar, Mzee Aboud Jumbe, akaachia ngazi Januari 1984, mawakili wakalikomalia suala la haki, na nje huko Waafrika walishapitisha mkataba wao wa haki za binadamu 1981 ambao na sisi tuliuridhia mwaka huohuo wa 1984. Yaani ni presha ya pande zote, hakuna aliyeamka asubuhi na upendo. Na hata baada ya kuziandika wakaweka masharti kwamba zisidaiwe mahakamani mpaka Machi 1988, serikali ipate miaka 3 ya kusafisha sheria zake mbovu. Ikasafisha? Miaka 4 baadaye tume ya Jaji Nyalali, ile ya mfumo wa vyama, bado ilikuja na orodha ya sheria 40 za kuangaliwa upya kwa sababu ya ukandamizaji.

Hapa sasa ndo Mwanza inapoingia na hapa naomba msome taratibu maana hii sehemu naipenda.

Mahakama Kuu Mwanza ilikuwa na jaji anaitwa James Mwalusanya. Kufuli lilipofunguka 1988 huyu bwana hakusubiri mtu. Kwanza likaja suala la mtu anayeshikiliwa gereza la Musoma kwa amri ya kumhamisha eneo, sheria iliyotumika ni ya mwaka 1921, Mwingereza aliitunga ili awaondoe watu wanaomsumbua, na sisi miaka 27 baada ya uhuru bado tunamhamisha Mtanzania mwenzetu kwa sheria hiyohiyo. Jaji akasema hii haiendani na Katiba. Alafu ikaja kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory kutoka Muleba. Mama wa Kihaya amerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, umri umeenda, wa ukoo hawamtunzi, Agosti 1988 akaliuza kwa laki 3 kwa mtu wa nje ya ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakama ya mwanzo Kashasha akisema kwa mila mwanamke anaweza kula matunda ya shamba la ukoo ila kuuza hana ruhusa. Na mila hiyo haikuwa maneno ya vilabuni, ilikuwa imeandikwa kabisa kwenye tangazo la serikali la 1963. Mahakama ya mwanzo ikampa ushindi mwanaume, ya wilaya ikageuza, ikaja Mwanza kwa rufaa. Februari 1990 Mwalusanya akasema Katiba imekataza ubaguzi, mwanamke atauza shamba kwa masharti yaleyale anayouzia mwanaume, na huyo ndugu kama anaona uchungu sana na ardhi ya ukoo alikomboe kwa kurudisha hizo laki 3. Basi.

Angalieni nani alibeba kile kifungu cha usawa. Wabunge walikipitisha 1984 na nina uhakika wengi wao nyumbani kwao mwanamke alikuwa hauzi hata mgomba. Kikalala kwenye karatasi mpaka bibi wa Muleba mwenye njaa yake akaliuza shamba, na huyo ndo aliyekifanya kiwe sheria ya kweli ambayo leo wanafunzi wa sheria Afrika nzima wanaisoma. Ndo maana nikisikia mtu anasema wananchi wa kawaida hawajui Katiba huwa natamani nimuulize, na hao walioijua waliifanyia nini?

Kesi ya tatu ni ya Daudi Pete, kutoka Mara, ameshtakiwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inasema mtu wa kosa hilo hana dhamana, nukta. Mwalusanya akasema kifungu hicho kinapigana na ibara ya 15, na 1991 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ikakubali kifungu kife. Kwa hiyo dhamana ni haki, na imepiganiwa kutoka hukuhuku.

Sasa njooni kwenye kibanda changu Ijumaa mchana. Alikuja mayu (mama) mmoja kutoka upande wa Igombe, mwanae kakamatwa kwa ugomvi wa mtaani, kosa lenye dhamana kabisa. Kituo kimoja, sikitaji, kimemwambia alete barua ya mtendaji na kopi ya kitambulisho cha NIDA na picha 2. Barua ameipata jana yake, akapeleka, akaambiwa mhuri haujasomeka vizuri arudie. Amerudia. Anafungua fundo la kitenge anatoa hela ya fotokopi, noti za elfu zimekunjwa mpaka zimekuwa kama vidonge, ananiuliza, "Hizi karatasi zote za nini ng'wanawane (mwanangu), kwani wanadhani nimemuokota?" Nikamtolea kopi, nikamwambia awahi maana ikifika jioni ya Ijumaa mwenye kusaini akishaondoka ni mpaka Jumatatu, na yeye anajua, wote tunajua, hata mtoto wa darasa la tano mtaani kwetu anajua kwamba Ijumaa ndo siku mbaya ya kukamatwa. Na ukutani kule kituoni kuna bango limeandikwa dhamana ni bure. Nadhani bango lilibandikwa kwa nia njema. Ila mtoto alilala pale mpaka Jumatatu.

Hii ndo shida yenyewe waheshimiwa. Katiba yetu ikitoa haki kwa mkono mmoja inaacha mlango wa nyuma wazi. Ibara ya 30 inasema haki zote hizi zinaweza kuwekewa mipaka kwa ajili ya ulinzi, amani, maadili, mipango ya miji, uvunaji wa madini, maslahi ya umma, na ukisoma ile orodha polepole unajiuliza kimebaki nini nje. Ibara ya 11 inaongelea kazi na elimu vizuri kweli, kumbe ibara ya 7 ilishasema hiyo sehemu mahakama haiwezi kuisimamia. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kulinda Katiba, alafu mwaka 2020 Bunge likabadilisha sheria ya kudai haki, ikaja na sharti mtu aape na aeleze jambo hilo limemuathiri yeye binafsi vipi. Yaani ukitaka kutetea jirani usubiri kwanza zamu yako. Wengine hapo kwenye anwani ya barua mlikuwemo ukumbini, mlisema ndiyo.

Na pale ambapo Katiba haishiki kinachobaki ni kauli ya mkubwa. Waulizeni wamachinga wa Makoroboi hapa mjini. Desemba 2016 walifukuzwa mjini, Rais Magufuli akatamka wasiguswe, wakarudi wakicheza. 2018 mwishoni vikaja vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi elfu 20, wakalipa, wakavaa shingoni wakijua sasa ni halali. 2021 ikaja zamu ya kupangwa upya, vibanda vikaondolewa. Sisemi barabara zibaki zimezibwa, mimi mwenyewe nikitaka kupita na karatasi zangu pale ilikuwa kesi. Nachosema ni kwamba mtu yuleyule, meza ileile, ndani ya miaka 5 amekuwa mhalifu, akawa mtoto wa rais, akawa mhalifu tena, na Katiba haikubadilika hata nukta. Ibara ya 22 ya kufanya kazi ilikuwepo muda wote. Wavuvi nao wana yao, ile Operesheni Sangara ya 2018 nyavu zilichomwa mialoni, na kweli nyavu za makokoro na timba zilikuwa zinamaliza samaki hilo halina ubishi, ila swali la nani anathibitisha kwamba wavu huu ni haramu kabla haujawa majivu mpaka leo wanaulizana. Ya Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, sitaandika, kila aliyekuwa Mwanza siku zile intaneti imezimwa anajua alichokiona.

Basi nasemaje.

Kwanza msianze upya kama vile hatujawahi kuongea. Tume ya Jaji Warioba ya kukusanya maoni ya Katiba mpya ilizunguka, watu walisema, rasimu ya pili ikatoka Desemba 2013. Humo wananchi walitaka wawe na uwezo wa kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda na wabunge wawe na ukomo wa vipindi. Bunge Maalum la Katiba likavitoa, na sihitaji kuwa wakili kujua kwa nini, mtu hawezi kujiandikia barua ya kufukuzwa kazi. Kwa haki niseme pia Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014 iliweka haki za wakulima, wafugaji, wavuvi na wachimbaji wadogo kwa kuwataja, hilo lilikuwa jema, lisipotee. Kura ya maoni ilikuwa iwe Aprili 30, 2015, ikaahirishwa kwa sababu ya uandikishaji wa wapiga kura, na tangu hapo tumeshaandikisha mara ngapi jamani.

Ya pili, mlango wa mahakama ufunguliwe na Katiba yenyewe na msiuachie sheria ya kawaida inayobadilishwa jioni moja pale Dodoma. Mtu yeyote aweze kudai haki kwa niaba ya mwingine, na adai kwa Kiswahili. Mwaka 2021 mlishapitisha kwamba lugha ya mahakama ni Kiswahili, pongezi, lakini bado nachapa makaratasi ya Kiingereza ambayo mwenye kesi ananiomba nimsomee yeye kashtakiwa nini.

Ya tatu, kila ukomo wa haki uwe na wa kuuthibitisha. Serikali ikisema tunakuzuia kwa maslahi ya umma ieleze maslahi gani, umma upi, na kwa nini njia nyepesi haikutosha, ieleze mbele ya jaji na sio kwenye kipaza sauti cha gari la matangazo. Ukimshika mtu Ijumaa awepo wa kusaini Jumamosi, andikeni hata hilo, najua wanasheria wenu watasema jambo dogo hivyo haliingii kwenye Katiba, waambieni mizani ya pamba nayo ilikuwa jambo dogo.

Na mkija kukusanya maoni Mwanza, tafadhali sana, msiishie kwenye kumbi za hoteli za Capri Point na orodha ya wadau walewale wenye posho zao. Njooni Mwaloni Kirumba, njooni Igombe na Kayenze, nendeni Ukerewe na Ukara, na mje saa 12 asubuhi wakati mitumbwi ya dagaa inaingia, wavuvi wanakuwepo na akina mama wanunuzi wote wapo. Mkija saa 5 mtakuta wameshalala, usiku kucha walikuwa kazini.